Muulize Fundi: Epoksi Haitaki Kukauka

Tangu tuzungumzie kalamu za kukereza kwenye safu hii, barua zinazonifikia hapa Ujiji zimegeuka kuwa za jambo moja: miche ya rangi, vile vipande vigumu tunavyovikereza kwenye mashine viwe kalamu. Watu wameona kalamu yenye mawimbi ya bluu na dhahabu, wakaambiwa ni epoksi, kile kimiminika cha kuchanganya kinachoganda kama plastiki ngumu, wakanunua, wakamwaga, na sasa wamekwama. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Mwanga. Nilipata epoksi ya meza kwa fundi fenicha, ile ya chupa mbili. Nikapima kwa kifuniko cha soda, viwili vya epoksi kwa kimoja cha hadina, ile ya kugandisha. Nikatia rangi ya maji ya ukutani kidogo, ya bluu, nikakoroga nikamwaga. Leo siku ya nne, ukibonyeza kwa kidole unabonyea na kunata. Nikiuanika juani ndiyo unazidi kulainika. Je, niongeze hadina?*

Marahaba mwanangu. Usiongeze chochote. Epoksi haikauki kwa kupigwa na upepo kama rangi ya mafuta. Inagandishana yenyewe: kila sehemu ya epoksi inatafuta sehemu yake ya hadina, zikishikana basi. Hadina ikizidi, ile iliyokosa mwenza inabaki humo humo ikiwa majimaji, leo, kesho na mwakani. Mche huo ni wa kutupa. Kwangua kalibu, ifute kwa spiriti, uanze upya.

Kifuniko cha soda ndicho cha kwanza kukuponza. Mche wa kalamu ukiwa na upana wa milimita 20 kila upande na urefu wa milimita 130 unakula kama mililita 52. Hesabu umechota vifuniko vingapi, na kila ulipomimina kuna utando uliobaki umeganda kwenye kifuniko. Epoksi ni nzito kuliko hadina, kwa hiyo inabaki nyingi zaidi. Ulidhani umepima mbili kwa moja, kumbe hukupima. Nenda duka la dawa, nunua mabomba mawili ya sindano ya mililita 20, andika moja E na jingine H kwa kalamu isiyofutika, na yasibadilishane kamwe.

Mimi napendelea mizani ndogo, ile ya masonara inayosoma hadi sehemu ya gramu. Lakini hapo kuna mtego. Mbili kwa moja iliyoandikwa kwenye chupa nyingi ni ya ujazo, si ya uzito. Lita moja ya epoksi huwa na uzito wa kilo moja na ushee, wakati lita ya hadina mara nyingi haifiki kilo. Ukiipeleka mizanini, gramu 100 za epoksi hazitaki gramu 50 za hadina, zinataka kama 43 hivi. Soma chupa yako. Zipo zinazotaja vipimo vyote viwili, na zipo ambazo ni moja kwa moja, si mbili kwa moja.

Rangi ya ukutani ina maji, na maji hayana kazi humu. Tumia rangi ya unga. Unga unaometa wanaoutumia mabinti wa kucha ndio huo huo tunaoutumia sisi, na kikopo kidogo kinafika mbali. Kwa mche mmoja nusu gramu inatosha kabisa. Usivuke asilimia tano ya uzito wote, utaidhoofisha epoksi.

Kisha kukoroga. Koroga polepole kwa dakika tatu, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Inua kikombe kwenye mwanga kabla hujatia rangi. Ukiona michirizi myembamba inaogelea ndani, kama nyuzi za glasi, bado. Michirizi ikiisha, mimina kwenye kikombe kingine kisafi ukoroge tena dakika moja. Usikwangue kile cha kwanza ili kuokoa matone ya mwisho. Yale yaliyong'ang'ania ukutani ndiyo yasiyochanganyika, na ndiyo yanayoleta madoa ya kunata kwenye mche ambao kwingine kote ni mgumu.

Mawimbi ya rangi utayapata kwa subira. Ukimwaga rangi mbili zikiwa bado nyepesi kama maji ya kunde, zitachanganyika zote na utapata tope. Ngoja zianze kuwa nzito, zimwagike kwa uvivu, ndipo umwage zote mbili kwa pamoja na upitishe kijiti mara moja tu. Mkono unaowasha ndio unaoharibu. Na usiiache epoksi nyingi kwenye kikombe ukienda kupokea simu: inajipasha yenyewe, na hapa kwetu mwezi wa kumi inaweza kutoa moshi ukiwa bado unasema halo.

Masika, mche ukishaganda unaweza kuukuta na utelezi kama wa mafuta juu. Ni unyevu wa hewa umegusana na hadina. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla hujaupiga msasa.

*Fundi, habari za kazi. Niko Kasulu. Miche yangu inaganda vizuri ila ina mapovu madogo madogo, nikikereza yanafunguka kuwa vishimo. Nimesikia wenzetu wanaweka kwenye tangi la presha. Nyumbani kuna sufuria ya presha ya kupikia maharage, na jirani ana mtungi wa gesi mtupu anasema mchomeleaji anaweza kuukata akauwekea mfuniko. Kipi bora?*

Hakuna hata kimoja, na huo mtungi mwambie jirani aurudishe dukani. Mtungi mtupu wa gesi hauko mtupu. Mchomeleaji akiugusa kwa moto mnaweza msionane tena.

Tangi la presha haliondoi mapovu. Linayabana yawe madogo kiasi kwamba jicho haliyaoni, na yanabaki hivyo kwa sababu epoksi inagandia humo humo ndani. Presha inayotumika ni kuanzia PSI 40 hadi 60, kipimo kile kile cha upepo wa tairi. Tairi la gari dogo ni 30 na kitu, kwa hiyo unaweza kuona ni jambo dogo. Lakini chukua mfuniko wa tangi wenye upana wa sentimita 30: kwa PSI 40, hewa inausukuma kwa nguvu ya karibu tani mbili. Sufuria ya maharage imetengenezwa kwa PSI 15 hivi, tena ina kizibo cha kufyatuka. Wanaofanya kazi hii hutumia tangi la kupulizia rangi lililoandikwa kiwango chake cha presha tangu kiwandani, lenye geji na vali ya usalama, na hawavuki kiwango hicho. Epoksi ya taratibu inataka ikae humo usiku kucha au zaidi, na kompresa isiyovuja. Umeme ukikatika na tangi linavuja, asubuhi mapovu yako yote utayakuta yamevimba yakakusubiri.

Kwa kijana anayeanza nasema hivi: tangi si la mwaka huu. Nunua epoksi ya taratibu, ile inayochukua siku nzima au mbili kuganda, maana inayapa mapovu muda wa kupanda. Kabla ya kuchanganya, simamisha chupa ya epoksi kwenye beseni la maji ya moto ya kuoga kwa dakika kumi. Itakuwa nyepesi na kuachia hewa kwa urahisi. Ukishakoroga, iache itulie kidogo. Mwaga kwa uzi mwembamba kutoka juu, kwenye kona moja ya kalibu, uache ijisambaze yenyewe.

Na kalibu iwe na kina cha ziada. Mimi namwaga milimita 25 wakati nahitaji 20. Mapovu yanapanda juu, yanagandia kwenye zile tano, nazikata kwa msumeno na kuzitupa. Kalibu yenyewe ni vipande vya kibao kile cheupe cha plastiki cha kukatia nyama, vilivyofungwa kwa skurubu. Epoksi haikishiki. Ukitumia mbao, ifunike kwanza kwa selotepu pana, la sivyo mbao na mche vitakuwa kitu kimoja.

*Mama, mimi ni mwana Uvinza, kwetu chumvi. Nataka kutengeneza kalamu zenye chembe za chumvi ndani ziwe ukumbusho kwa wageni. Itawezekana?*

Wazo zuri, chumvi mbaya. Inavuta unyevu, na chembe zitakazotokeza juu ya kalamu zitayeyuka mara tu unapoanza msasa wa maji, zikuachie mashimo. Weka mchanga wa ziwani uliooshwa na kukaushwa, ingawa utakula patasi zako.

*Shikamoo. Tuko Simbo, tuna michikichi. Makokwa tunayavunja tukitoa mbegu, maganda yanaishia jikoni kuwa kuni. Nimejaribu kuyamwagia epoksi. Mche ulitoka vizuri lakini nilipotoboa kwa keekee ulipasuka mwisho, na maganda mengine yakachomoka. Msaada.*

Marahaba. Barua hii imenifurahisha kuliko zote. Ganda la kokwa la chikichi ni gumu, jeusi kuelekea kahawia, na ukilikata kimkingamo unaona nyuzi hafifu za rangi ya majani makavu ndani ya weusi. Upande mmoja lina vile vitundu vitatu kama vya kifuu cha nazi. Ukilikereza ndani ya epoksi ya rangi ya asali, unapata pete nyeusi zilizokatika katika kuzunguka kalamu yote. Mgeni anayetoka Gombe hataikuta kwingine.

Yamechomoka kwa sababu ya mawese. Ganda limelala kwenye mafuta maisha yake yote, na epoksi haishiki mafuta. Yachemshe na sabuni ya unga, mwaga maji, rudia mpaka maji yasiwe na utando wa mafuta. Yaanike siku kadhaa, kisha yasuuze kwa asetoni na uyaache yakauke nje, mbali na moto. Yapange kwenye kalibu, mwaga epoksi nyembamba ya kuyafunika nusu tu, yatikise kidogo hewa itoke kwenye mabonde yake, ndipo umalizie.

Kupasuka mwisho ni jambo la karibu kila mtoboaji. Keekee inapotokea upande wa pili haina kitu cha kuegemea, inasukuma kipande kiruke. Acha mche mrefu kuliko unavyohitaji kwa sentimita moja na nusu, toboa usifike mwisho, kisha kata ile ncha kwa msumeno na tundu litafunguka lenyewe. Mwendo uwe mdogo, ncha iwe kali. Itoe keekee kila unapoingia kama sentimita moja, upunguze unga, uache ipoe. Ikianza kutoa harufu na vumbi linageuka kuwa utepe laini unaonata, umeshaipasha moto, simama. Maganda magumu ndani ya epoksi laini pia huyumbisha ncha, kwa hiyo anza na tundu dogo la kuongoza kabla ya ile ya milimita 7.

Kama epoksi yako inapitisha mwanga, paka kibomba cha shaba, kile kinachoingia kwenye tundu la mche, rangi nyeusi kabla ya kukigundisha. Usipofanya hivyo utakereza kazi nzuri halafu uone gundi iliyokwaruzika inakuchungulia kutoka ndani.

*Mafundi wa boti za faiba hapa Kibirizi wananipa mabaki ya rezini yao bure. Inafaa kwa kalamu?*

Inafaa, ila si epoksi, ni poliesta. Hadina yake huhesabiwa kwa matone, asilimia moja hadi mbili. Ni kavu na huvunjika vipande vipande chini ya patasi butu, tena juu hubaki inanata kwa sababu ya hewa. Ifunike kwa karatasi ya nailoni inapoganda. Harufu yake ni kali, kwa hiyo fanyia nje, na barakoa ya vichujio vya kemikali, si ya kitambaa. Hadina hiyo ikiruka jichoni inaweza kukupofua, vaa miwani. Na kama mafundi wana kile kimiminika cha zambarau cha kuharakisha, usikikutanishe na hadina peke yake hata tone. Vinalipuka.

*Mama, nauza bei gani?*

Kabla ya bei, angalia mrija wa wino. Seti nyingi za vifaa vya kalamu vya milimita 7 zinazoletwa hutumia mrija mwembamba wa aina ya Cross, na sijauona ukiuzwa katika duka lolote la vifaa vya shule hapa mjini. Seti zinazotumia mrija wa aina ya Parker zinagharimu zaidi kidogo, lakini mrija wake unapatikana kwa urahisi zaidi. Mtalii atajinunulia kwao. Mwalimu wa Kibondo aliyekupa hela yake, wino ukiisha mwezi wa tatu, atakuja kukuuliza wewe.