Trusyty: kutikisa, kukung'uta, na pia kupekua

Trusyty ni neno la Kiukraina, na swali la kwanza ni kama lilitoka Kirusi. Hapana. Neno hili (mkazo uko kwenye -sy-) limetokana na Kislavoni cha awali, lugha mama ya lugha za Kislavoni, na ni ndugu wa trjasty, ambalo nalo ni kutikisa. Wapolandi wana trząść, na hiyo ą yao bado inatamkwa puani kama zamani. Waukraina walizipoteza sauti za puani: katika trusyty ikabaki u, katika trjasty ikabaki ja. Ukirudi nyuma zaidi, wanaisimu hulihusisha na tremere ya Kilatini, kutetemeka.

Maana sasa. Kuna kukung'uta zulia, na kuna kutikisa mti wa peasi mpaka matunda yapukutike. Kuna pia kupekua: polisi wakivamia nyumba na kufungua kila droo, huo upekuzi ni trus. Tetemeko la ardhi ni zemletrus, zemlia ikiwa ardhi. Nilisoma Kharkiv, mji wa Ukraina, na neno hili nililijua kwa baridi ya homa: nimelala na homa, blanketi mbili, mwenzangu wa chumba anamwambia daktari kwenye simu "yoho trusyt", yaani anatetemeka. Hakuna mtendaji kwenye sentensi hiyo, ni kama "kinamtetemesha" bila kusema nini. Homa ya aina hiyo huitwa triastsia, na wazee huitumia kulaania.

Angalizo: kwa Kirusi trus ni mwoga. Mzizi ni uleule (mwoga hutetemeka), lakini usimwite Mukraina hivyo ukidhani unazungumzia upekuzi. Wengi wanajua Kirusi pia.