Jibu: "hustle" ni haraka, utapeli au kutafuta riziki?

Habari ndugu. Umekwama kwa sababu kamusi inakupa "hustle" kama kuharakisha, tena kama kutapeli, wakati mtaani ni kuhangaikia riziki. Zote ni sahihi. Neno liliingia Kiingereza karne ya 17 kutoka Kiholanzi, hutselen, yaani kutikisa. Kulikuwa hata na mchezo wa kutikisa sarafu ndani ya kofia. Kutikisa kukazaa kusukumana, kisha kukimbizana. Wezi waliomsonga mtu ili wamwibie nao wakaitwa "hustlers". Maana ya kuchakarika ilikolea Marekani.

Mimi nikitafsiri, kwanza natazama kinachofuata kitenzi. Kikifuatwa na mtu, mara nyingi ni kumsukuma au kumtapeli. Kocha akipaza sauti uwanjani, "Hustle!", anataka mbio na bidii.