Mita 15 za Mwisho: Kwako Unayeogelea Mita 50 Mtindo Huru

Mara ya kwanza kwenda kushindana nje ya nchi, nilipofika mita ya 35 mikono ilikuwa mizito kama niliyefungwa mawe. Nilikulia Dar es Salaam, kwenye bwawa la mita 25. Humo ukuta unakupokea katikati ya safari: unageuka, unausukuma kwa miguu, unateleza, mabega yanapata nafuu. Kwenye bwawa la mita 50 nafuu hiyo haipo, na mimi nilikuwa nimejizoesha kuitegemea bila kujua.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama bwawa lenu ni fupi, anza na zoezi hili. Ukikaribia ukuta, geuka kabla hujaugusa, usisukume kabisa, kisha uanze upya kwa mikono na mateke matupu. Linachosha sana. Wiki tatu za kwanza nililichukia, lakini ndilo lililonifundisha kubeba kasi pale ambapo hakuna ukuta wa kunisaidia. Bahari nayo inakujengea pumzi, ila haitakufundisha kumaliza.

Na kumaliza ndiko kunakoumiza watu. Niliwahi kukosa fainali kwa sababu niliinua kichwa kuuangalia ukuta. Kichwa kikipanda, kiuno kinashuka, mkono unakunjika kwenye kiwiko, na vidole vinachelewa. Pale Olimpiki ya Rio mwaka 2016, kwenye mbio hizihizi za mita 50, Anthony Ervin wa Marekani alichukua dhahabu kwa sekunde 21.40, Florent Manaudou wa Ufaransa akapata 21.41. Tofauti yao ilikuwa moja ya mia ya sekunde! Basi mita kumi za mwisho usivute pumzi, macho yabaki chini, bega linyooke lote, mkono uingie ukutani kama unatoboa kitu.

Ervin huyohuyo alikuwa na miaka 35 siku ile. Dhahabu yake ya kwanza ya mbio hizo aliipata Sydney mwaka 2000, alipofungana na Mmarekani mwenzake Gary Hall Jr. kwa 21.98. Katikati hapo aliacha kuogelea miaka mingi, kisha akarudi. Nakutajia hili kwa sababu huku kwetu vijana wengi wanatundika miwani wakishamaliza shule, wakiambiwa muda wao umepita. Cameron McEvoy wa Australia alipumzika baada ya Michezo ya Tokyo, akarudi na mazoezi mapya: kilomita chache majini, nguvu nyingi gym. Mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia kwa 21.06, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 30, akatwaa dhahabu ya Olimpiki jijini Paris kwa 21.25.

Kesho asubuhi mwombe kocha akupigie picha ya video ukiwa unagusa ukuta, simu ikiwa usawa wa maji. Angalia kiwiko kwanza.