Maswali ya wasomaji: mashine ya boti ya mtumba, nilipe?

SWALI: Habari za kazi. Nimepata mashine ya boti iliyotumika, ya HP 15, muuzaji kavuta kamba mara moja tu ikawaka, rangi inang'aa utadhani mpya. Anasema kuna mtu mwingine anaitaka so nimpe hela leo leo. Nilipe?

JIBU: Usilipe leo ndugu yangu. Ulipofika uliigusa ukakuta ni ya baridi? Maana mashine ikishapashwa moto kabla mteja hajaja hata iliyochoka inawaka fresh tu, ugonjwa unaonekana ikiwa imelala usiku kucha. Mwambie utarudi asubuhi asiiguse, na ukifika weka mkono kwanza, ikiwa na joto ujue umechezewa.

Kabla haijawashwa angalia oili ya gia, hapa ndo pa kukaa sana. Kwenye mguu, ile sehemu ya chini inayozama majini yenye gia na pangaboi, kuna skrubu mbili, legeza ile ya chini kidogo tu, tone lidondokee kidoleni. Yakitangulia maji, au oili ikawa nyeupe kama chai ya maziwa, sili, zile mpira za kuzuia maji, zimekufa na maji yameingia kwenye gia, na rangi mpya haitibu hilo. Mimi rangi mpya kwenye mguu huwa inanitia wasiwasi kuliko mikwaruzo, unajiuliza imefunika nini, kutu ya maji chumvi au ufa uliochomelewa.

Alafu njoo na fundi mwenye geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Namba yenyewe inategemea mashine, we angalia silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi, moja ikiwa chini sana achana nayo.

Kuiwasha iwe ndani ya pipa, maji yapande juu ya matundu ya kunyonyea maji, tafadhali msiiwashe kavu maana impela, ile ya kusukuma maji ya kupoza mashine, ni ya mpira inaungua haraka sana. Iache ingurume dakika 10 ikojoe maji hayo ya kupoza kwa nguvu bila kukatika. Pima na tezi ya boti yako pia, yaani ubao wa nyuma unapofungwa mashine, shafti fupi ni ya inchi 15 na ndefu 20, usije ukanunua isiyokaa.

Huyo mtu mwingine kama yupo kweli mwache alipe yeye. Na namba ya mashine kwenye kibati ikiwa imekwanguliwa ondoka hapohapo, hata akikupunguzia nusu bei.