Siku Fischer Alipoiacha e4

Wiki hii maswali mengi yanahusu mchezo mmoja wa sataranji: Bobby Fischer wa Marekani dhidi ya bingwa Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti, mchezo wa 6 wa kuwania ubingwa wa dunia, Reykjavik, Iceland, Julai 1972.

Mbona hatua ya kwanza tu iliwashtua watu?

Fischer akishika kete nyeupe alikuwa mtu wa e4 (yaani kuanza kwa kumsukuma askari hadi mraba wa safu e, mstari wa 4), wala hakuficha kwamba kwake ndiyo hatua bora. Siku hiyo akasukuma c4. Kufikia hatua ya tatu ubao ukawa wa Gambiti ya Malkia, ufunguzi ambao Mweupe anamwachia Mweusi askari wa c4, uwanja wa nyumbani wa Spassky.

Katika gambiti hiyo Mweupe anapoteza askari kweli?

Anamkopesha tu. Panga kete uone: d4 d5, c4, Mweusi anamla askari huyo. Mweupe anacheza e3. Mweusi aking'ang'ania mali kwa b5, anajibiwa a4. Akiikinga kwa c6, Mweupe anakula b5, Mweusi analipiza, kisha malkia anatua f3 akiikodolea macho ngome ya a8. Kuiokoa ni lazima atoe kete nyingine. Ulafi huo nimeushuhudia mara nyingi, na mara nyingine mlafi nilikuwa mimi.

Spassky hakula. Alikataa kwa e6, halafu akaja na b6, yaani Ulinzi wa Tartakower, silaha aliyoiamini sana.

Basi alikosea wapi?

Hatua ya 14. Askofu wa Fischer alifika b5, Spassky akamsogezea askari a6. Dawa ilikuwa malkia kwenda b7, na aliyeijua ni Efim Geller, msaidizi wake mwenyewe! Mwaka uliofuata Geller aliitumia kumshinda Jan Timman.

Ila mimi d4 ya Spassky, hatua ya 20, inaniuma zaidi. Askari yule alipoondoka d5, njia ya mshazari kuelekea kwa mfalme wake ikabaki wazi. Hatua tatu tu, askofu wa Fischer akaketi c4.

Ni kweli Spassky alimpigia makofi?

Ni kweli. Hatua ya 38 Fischer alitoa ngome amle farasi wa f6, ukuta wa mfalme ukabomoka. Hatua ya 41, malkia f4, Spassky akasalimu amri. Ukumbi ulipolipuka kwa makofi naye akajiunga, ingawa ndiyo kwanza alikuwa amepitwa kwa pointi: 3½ kwa 2½, na Fischer alikuwa ameanza nyuma 0–2.