Mlio mmoja mmoja, kwa mkono

SWALI: Shikamoo mzee. Nimerekodi kwenye kompyuta santuri ya marehemu mama, ya mizunguko 33 kwa dakika. Upande wa pili umejaa milio, ta! ta! kama chumvi iliyotupwa motoni. Niliupitisha kwenye kiondoa milio cha Audacity, programu ya kuhariri sauti. Milio ikapungua, lakini tarumbeta sasa zinasikika kama zimefunikwa blanketi. Nikajaribu kukata kila kipande chenye mlio, wimbo ukaanza kujikwaa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa na mama.

Nakuomba jambo moja kabla ya yote: ile rekodi ya kwanza, kabla hujaigusa, ihifadhi kama faili ya FLAC (aina isiyopunguza ubora wa sauti) mahali ambapo hutaifungua kwa bahati mbaya. Kazi yote ifanyie kwenye nakala. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kusafisha santuri ya baba kwa kiondoa milio, nikahifadhi juu ya ile ya asili, na wiki moja baadaye ndipo nikagundua kwamba mpigo wa fimbo kwenye ukingo wa ngoma, ule aliokuwa akiuiga kwa vidole mezani, umenyolewa wote. Santuri yenyewe ilikuwa imeshavunjika.

Programu haisikii muziki. Inatafuta ncha kali kwenye wimbi la sauti, na tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu wimbi lake huwa na ncha kali mfululizo. Inaziona, inadhani ni mikwaruzo, inazikata vichwa. Hilo ndilo blanketi lako.

Na kukata usikate. Ukitoa kipande, muziki wote unaofuata unavutwa kujaza nafasi yake, na masikio yanajua mdundo ulipopungukiwa hata kama ni kidogo sana. Isitoshe, ncha mbili ulizoziunganisha hazikutani kwa kimo kimoja, kwa hiyo umeondoa mlio ukazaa mwingine. Kinachotakiwa ni kujenga daraja juu ya shimo, urefu wa wimbo ubaki ule ule.

Vaa hedifoni, cheza wimbo, na kila unaposikia mlio bonyeza Ctrl na M ili Audacity iweke alama hapo bila kusimama. Usitengeneze chochote bado. Ukifika mwisho, rudi kwenye alama ya kwanza na uvute karibu, karibu zaidi, mpaka wimbi liwe mstari wenye vidoto. Kila kidoto ni sampuli moja, na kwenye rekodi ya kawaida kuna 44,100 kwa sekunde. Mlio utauona: mstari unapanda na kushuka taratibu, mara unaruka kama mwiba, kisha unarudi kwenye njia yake. Chagua mwiba huo peke yake, pamoja na vidoto vichache kila upande, halafu tumia amri ya kutengeneza kipande kilichoharibika (Repair). Inakubali sampuli 128 tu, yaani kama milisekunde 3, na kikomo hicho kinakulinda dhidi ya tamaa. Ukiwa ni mwiba wa vidoto viwili au vitatu, chukua penseli ya programu uvishushe mwenyewe. Angalia pia chaneli zote mbili, ya kushoto na ya kulia. Mara nyingi mkwaruzo umeumiza ukuta mmoja tu wa mfereji ambamo sindano hupita, na chaneli isiyoumia haina haja ya kuguswa.

Juzi nilikuwa na mkwaruzo uliokatiza mifereji mingi. Mlio wa kwanza ulikuwa kwenye sekunde ya 47.2. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi moja huchukua sekunde 1.8 kuzunguka mara moja, kwa hiyo sikuendelea kutafuta: nilikwenda moja kwa moja 49.0, kisha 50.8, kisha 52.6, na kila mahali nikaukuta unanisubiri. Ule wa 54.4 ulikuwa umejificha ndani ya mpigo wa ngoma. Niliucheza mara tano, sikuusikia, nikauacha. Usichokisikia usikitengeneze, hata kama macho yanakiona. (Kwa santuri za mizunguko 45, hesabu sekunde 1.33.)

Ukishindwa kutofautisha mwiba na ala, badili uangalie spektrogramu, yaani picha ya sauti yenye sauti nzito chini na nyembamba juu. Mkwaruzo ni mstari mwembamba uliosimama wima kutoka chini hadi juu, bila mkia. Ngoma nayo husimama, lakini huacha mkia unaofifia; tarumbeta huonekana kama ngazi ya mistari iliyolala.

Ile milio mikubwa, inayopiga "dub", ina tatizo jingine: hata baada ya kutengeneza ncha yake hubaki mtikisiko mzito. Chagua huo mtikisiko tu, na kwenye kipande hicho peke yake punguza sauti nzito kwa kichujio.

Upande mmoja wenye mikwaruzo mingi unaweza kukuchukua jioni nne. Pumzika kila nusu saa, kwani masikio yaliyochoka huanza kusikia milio isiyokuwepo. Mvumo wa chinichini, kama utataka kuupunguza, uache hadi milio iishe, la sivyo kila mwiba utaacha doa.

SWALI: Je, niioshe kwanza, au kompyuta itamaliza kila kitu?

JIBU: Ioshe, ikauke kabisa, kisha rekodi mara mbili na ulinganishe. Mlio uliohama au kutoweka ulikuwa vumbi au umeme tuli, na huo ni wa kitambaa na maji safi yaliyochujwa. Uliobaki pale pale ni mkwaruzo, na huo ndio wa penseli. Ila kama ni santuri ya zamani ya shelaki (utomvu mgumu wa wadudu), ya mizunguko 78, usiipake spiriti hata tone, kwa maana spiriti huyeyusha shelaki.