Kioo cha Mizani ya Samaki Kinapopoteza Mistari

Kazi yangu ni kutengeneza mizani za dijitali hapa Mwanza, na wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa sangara na dagaa wa Mwaloni Kirumba. Katika kazi hii nimejifunza kuihofia zaidi mizani ambayo kioo chake kimepungua mistari kuliko ile ambayo kioo chake kimezima kabisa, kwa sababu iliyozima huwekwa kando na kupelekwa kwa fundi, ilhali iliyopungua huendelea kupima, na watu hulipana kwa kuiamini.

Kila tarakimu kwenye kioo hicho huundwa na mistari saba. Mstari wa katikati ukifa, 8 husomeka 0. Ukifa ule wa juu upande wa kulia, 8 huwa 6 na 9 huwa 5. Na 7 ikikosa mstari wake wa juu hubaki 1. Mzigo wa sangara wa kilo 18.6 unaweza basi kusomeka kilo 10.6, na mvuvi akaondoka bila malipo ya kilo nane, ingawa sehemu inayopima uzito haina kasoro yoyote.

Ndiyo maana nawasihi wauzaji waitazame mizani pale inapowashwa, kabla haijatulia kwenye sifuri. Mizani nyingi hupitisha tarakimu zote kuanzia 0 hadi 9, au hujaza 8 kioo kizima kwa sekunde chache, na mstari uliokufa huonekana hapo hapo. Sekunde hizo ndizo ambazo wengi huzitumia kupanga ndoo.

Kioo kizima kikififia, anza na betri na chaja. Lakini ikipotea mistari michache tu, kisha ikarudi unapobonyeza taratibu ukingo wa kioo, tatizo ni muunganiko. Katika vioo vya tarakimu nyeusi, mara nyingi kioo huunganishwa na saketi kwa ukanda laini wa mpira wenye mistari myembamba inayopitisha umeme, na unyevu au uchafu kidogo tu hutosha kuukatisha. Sokoni maji ya barafu hutiririka mchana kutwa, na mizani inayotolewa kwenye chumba cha baridi hutoa jasho hadi ndani. Nimewahi kufungua na kukuta gamba la sangara limekauka ukingoni mwa saketi, na chini yake shaba imeota kutu ya kijani. Kama kioo kinafikika bila kukata lakiri, yaani muhuri wa ukaguzi wa mizani, zima mizani, chomoa betri, pangusa ukanda na sehemu unapogusa kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke kabisa, kisha kaza skurubu zote kwa nguvu sawa, kwa sababu upande uliolegea ndio utakaopoteza mistari tena.

Katika vioo vya taa nyekundu, mstari uleule ukikosekana kwenye tarakimu zote, kwa kawaida hitilafu iko kwenye saketi au waya unaouendesha; ukikosekana kwenye tarakimu moja tu, shuku taa yenyewe au lehemu yake. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye mita ya kupimia saketi.

Mizani ya biashara huwa na lakiri ya Wakala wa Vipimo, kwa hiyo usiikate mwenyewe ili kufikia kioo. Ipeleke kwa fundi anayetambuliwa na Wakala, na baada ya matengenezo ihakikiwe upya kabla ya kurudi sokoni.